Kizidishi 1.3: Kwa Nini Siamini Modeli ya Trafiki Inayolingana Mno na Hesabu

Kila barabara kubwa inapopangwa Nairobi, kuna faili moja la tarakilishi ambalo mwananchi wa kawaida halioni. Si ramani, wala si ile michoro ya kupendeza tunayoonyeshwa kwenye magazeti. Ni modeli ya usafiri, yaani programu inayokadiria watu wangapi watatoka wapi kwenda wapi, kwa chombo gani na kupitia njia gani, leo na miaka ishirini ijayo. Mara nyingine ndani ya faili hilo hujificha namba moja ndogo, tuseme 1.3, inayozidisha kila kitu ili majibu yalingane na magari yaliyohesabiwa barabarani.

Maoni yangu ni haya: namba hiyo iwekwe wazi, ipewe jina na sababu, la sivyo modeli isitumike kuamua pesa za umma ziende wapi.

Najua mada inasikika kavu. Nivumilie kidogo, msomaji. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kujumlisha tu, na ukishaielewa utaweza kumuuliza mhandisi yeyote swali ambalo halimpi nafasi ya kukwepa.

SAFARI HUTENGENEZWAJE NDANI YA TARAKILISHI?

Modeli nyingi za miji bado hufuata hatua nne zilizokomaa Marekani katika miaka ya 1950, kwenye uchunguzi wa usafiri wa Detroit ulioanza 1953 na ule wa Chicago ulioanza 1955. Hatua ya kwanza ni kukadiria safari ngapi zinazalishwa na kila mtaa, na ngapi zinavutwa na kila mahali penye kazi, shule au soko. Ya pili ni kuunganisha vianzio na vikomo. Ya tatu ni kugawa vyombo: matatu, gari la binafsi, pikipiki, miguu. Ya nne ni kuzipanga safari hizo kwenye barabara.

Wazo la msingi lilikuwa zuri, na kwa enzi zake lilikuwa jipya. Mwaka 1954 Robert Mitchell na Chester Rapkin walichapisha kitabu kilichosema kwamba trafiki ya mji hutokana na matumizi ya ardhi. Watu hawaendeshi magari kwa sababu barabara ipo tu. Wanakwenda mahali kwa sababu kuna jambo. Ukijua ni kaya ngapi zinaishi wapi na ajira ziko wapi, unaweza kuanza kukisia safari.

Leo nazungumzia hatua ya kwanza tu. Ikikosewa, zile tatu zinazofuata zinalibeba kosa hilo mgongoni hadi mwisho.

MFANO WA MTAA MMOJA

Chukua mtaa wa kubuni wenye kaya 2,000. Wahoji wamepita nyumba kadhaa wakiuliza kila mtu alifanya safari gani jana. Kutokana na majibu hayo tunapata wastani wa safari kwa kila aina ya kaya. Namba zifuatazo ni zangu, za mfano tu:

- Kaya 700 za mtu mmoja au wawili, bila gari: safari 3.2 kila moja kwa siku, jumla 2,240.
- Kaya 900 za watu watatu na zaidi, bila gari: safari 6.5, jumla 5,850.
- Kaya 150 za mtu mmoja au wawili, zenye gari: safari 4.6, jumla 690.
- Kaya 250 za watu watatu na zaidi, zenye gari: safari 9.0, jumla 2,250.

Jumla kuu ni safari 11,030 kwa siku. Idadi ya kaya tunaitoa kwenye sensa, nayo ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi peke yake. Wastani wa safari tunautoa kwenye mahojiano. Zidisha, jumlisha, umemaliza.

Kisha fanya hivyo upande wa pili: kila ajira, kila kiti cha mwanafunzi na kila duka huvuta safari kiasi gani? Kwa eneo zima, safari zinazozalishwa na zinazovutwa zinapaswa kukaribiana, kwa sababu kila anayetoka mahali lazima afike mahali. Miongozo ya Marekani hupendekeza uwiano wa pande hizo mbili uwe kati ya 0.9 na 1.1 kabla ya kuzisawazisha kwa nguvu. Hicho ni kipimo kizuri cha afya ya modeli, na ni rahisi mno kukifuta: ukishabonyeza kitufe cha kusawazisha, uwiano unakuwa 1.0 hata kama mwanzo ulikuwa 0.6.

HAPO NDIPO UJANJA UNAPOINGIA

Modeli inapomaliza hatua zote nne inatoa makadirio ya magari kwa kila barabara. Wahandisi nao wamewatuma vijana wenye fomu, kamera au nyaya za kuhesabia kwenye mstari fulani, mara nyingi kwenye kizuizi chenye vivuko vichache kama mto au reli. Modeli inasema magari 20,000. Hesabu inasema 26,000. Ripoti inatakiwa wiki ijayo.

Kugawa 26,000 kwa 20,000 ni kazi ya sekunde moja. Unapata 1.3. Unairudisha hatua ya kwanza, unazidisha safari za kila kaya, na kesho yake jedwali linapendeza. Kazi hiyo huitwa kurekebisha modeli, na kwa jina hilo haina ubaya wowote. Modeli zote hurekebishwa, kwa sababu mahojiano yana mapungufu na sensa huzeeka.

Niliwahi kupewa kazi ya kuhamisha modeli ya mji mmoja kutoka majedwali ya Excel hadi programu inayoweza kuendeshwa bila kubofyabofya. Kwenye ukurasa wa mwisho, katika safu iliyofichwa, palikuwa na kizidishi cha namna hii. Hakikuwa na maelezo, tarehe wala jina la aliyekiweka. Nilipomuuliza mshauri mhusika, alinijibu, "Hiyo usiiguse, bwana. Ukiitoa, namba hazikubaliani." Ripoti iliyochapishwa haikuitaja hata kwa sentensi moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika fani hii kinachoumbua ni barabara iliyojengwa mahali pasipo na haja, au njia ya miguu isiyojengwa mahali penye haja.

MAJIBU MAWILI, MTIHANI MMOJA

Sasa nifikie kiini cha hoja. Hesabu ya barabarani haiwezi, yenyewe peke yake, kukuambia kwamba kosa liko kwenye uzalishaji wa safari.

Tuseme modeli inasema watu 10,000 wanatoka upande wa mashariki mwa mji asubuhi, na 3,000 kati yao wanavuka mstari wetu wa kuhesabia. Tunahesabu, tunakuta 4,500. Mshauri wa kwanza anazidisha uzalishaji kwa 1.5: sasa watu 15,000 wanatoka, na 4,500 wanavuka. Mtihani umepitwa. Mshauri wa pili anaacha wale 10,000 kama walivyo, lakini anagundua kwamba modeli iliwaweka watu kazini karibu mno na kwao. Anarekebisha umbali wa safari, na 4,500 wanavuka. Naye amepita mtihani.

Miji hii miwili si mmoja. Wa kwanza una safari 5,000 zaidi ambazo huenda hazipo duniani. Wa pili una watu wanaosafiri mbali zaidi. Mmoja unadai barabara za mtaani zipanuliwe kila mahali. Mwingine unadai usafiri wa umma wa masafa marefu. Na jedwali la mwisho la kila mshauri linaonyesha neno lilelile: inalingana.

Sababu nyingine za tofauti ile ni nyingi tu. Huenda magari ya ziada yanatoka nje ya eneo la modeli, kwa mfano Kitengela au Ruiru ikiwa modeli imeishia mpaka wa kaunti. Huenda ni malori ya mizigo ambayo hakuna kaya inayoyazalisha. Huenda tumebadilisha matatu kuwa abiria kwa kutumia viti 14 vya kisheria, wakati saa ya jioni makanga ana hesabu yake. Huenda mahojiano yalifanywa kabla ya bodaboda kuenea, kodi ya pikipiki ndogo ilipopunguzwa mwishoni mwa muongo wa 2000. Kizidishi kimoja hufunika yote hayo kwa blanketi moja.

Halafu blanketi lenyewe hukua. Rudi kwenye mtaa wetu wa kaya 2,000. Kaya zenye gari zilikuwa na safari 2,940, kwa 1.3 zinaongezewa 882. Sasa endesha modeli ya mwaka 2045 ukikisia kwamba kaya zenye gari zitaongezeka maradufu. Nyongeza ile inakuwa 1,764. Ikiwa chanzo halisi cha tofauti kilikuwa malori, au magari ya Kitengela, basi umezalisha safari hewa 1,764 kwa siku katika mtaa mmoja tu. Zidisha kwa mamia ya mitaa uone kama hujapata sababu ya kuongeza barabara ya juu.

WANAOSAHAULIKA

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya magari hewa, nalo ni watu halisi wasioonekana.

Kulingana na uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya mpango mkuu wa Nairobi, NIUPLAN, uliotolewa 2014 kwa msaada wa JICA, zaidi ya safari 4 kati ya kila 10 jijini zilifanywa kwa miguu. Fikiria wale wanaotoka Mukuru alfajiri kwenda viwandani Industrial Area. Fikiria mama anayempeleka mtoto shule, akapitia sokoni, akarudi nyumbani. Hizo ni safari tatu. Mhoji akiuliza, "Jana ulisafiri?" jibu litakuwa, "Hapana, nilishinda hapa mtaani." Hajadanganya. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kusafiri ni kwenda mbali, pengine kwa basi na begi. Swali lenyewe limemfuta.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Uchunguzi mwingi wa mapema wa Marekani uliacha safari za miguu, au ulihesabu zile za kwenda kazini tu. Na tangu miaka ya 1990, watafiti walipoanza kuwapa wahojiwa vifaa vya GPS na kulinganisha na walichoandika kwenye shajara, walikuta watu husahau safari, hasa fupi.

Sasa angalia jinsi kizidishi kinavyotenda. Kimetokana na hesabu ya magari, maana kwenye mstari ule hakuna aliyesimama kuhesabu miguu. Kwa hiyo modeli hurekebishwa hadi magari yatimie, kisha inatangazwa kuwa imekamilika. Wenye miguu wanabaki walivyorekodiwa, pungufu, na hakuna hesabu ya pili ya kuwatetea. Kisichohesabiwa hakijengewi.

Barabara ya Thika ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, watu waliendelea kuvuka kwa kukimbia katikati ya magari kwa sababu vivuko vya miguu vilikuwa vichache. Sisemi modeli peke yake ndiyo iliyoamua hivyo. Siasa, bajeti na haraka vina sehemu yao. Lakini takwimu za NTSA huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani Kenya. Mtu ambaye safari yake haimo kwenye jedwali la kwanza hana mahali pa kutokea kwenye mchoro wa mwisho.

USHAHIDI WA MKAHAWA MMOJA

Kama unadhani hii ni shida ya nchi zisizo na data, msikilize Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa UCLA na aliyefariki 2025. Miaka ya mwanzo ya 2000 aliandika kuhusu kitabu cha viwango vya safari kinachotolewa na chama cha wahandisi wa uchukuzi wa Marekani, ITE. Katika toleo la 1987, mkahawa wa chakula cha haraka ulipewa safari za magari 632.12 kwa siku kwa kila futi za mraba 1,000.

Tazama hiyo nukta 12. Inatia imani, sivyo? Kumbe ilitokana na mikahawa 8 tu, na ukubwa wa mkahawa ulieleza chini ya asilimia 7 ya tofauti za safari kati yao. Kwa maneno mengine, ukubwa haukuwa na uhusiano wa maana na safari. Lakini namba ilikuwa kitabuni, kwa hiyo ilitumika. Shoup alilalamika kwamba namba sahihi hadi nukta ya pili inaweza kuwa ya uongo kabisa. Ninakubaliana naye kwa mikono miwili.

"LAKINI BILA KIZIDISHI HATUWEZI KUFANYA KAZI"

Wahandisi wataniambia mimi ni mwandishi wa programu tu, sijui shinikizo la tarehe za mwisho na masharti ya mfadhili. Watasema mahojiano mapya ni ghali, na kwamba modeli isiyolingana na hesabu itakataliwa mezani.

Hoja hizo ni za kweli, na sipingi kizidishi. Napinga kizidishi kisicho na jina. Kama tuna ushahidi kwamba kaya zisizo na gari zilirekodi pungufu safari za sokoni, basi ziongezwe hizo, kwa kaya hizo, kwa sababu hiyo. Kama ni malori, yatengenezewe jedwali lao. Kinachobaki bila maelezo kiandikwe kwamba hakina maelezo, na kisibebwe hadi 2045 kana kwamba ni tabia ya binadamu.

Na hofu ya kukataliwa mezani ielekezwe mahali pake. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 210 katika nchi 14. Kwenye miradi ya reli, makadirio ya abiria yalizidi hali halisi kwa wastani wa asilimia 106. Kwenye nusu ya miradi ya barabara, makadirio yalipishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini. Modeli hizo nazo zilipita mezani.

SISI WA PROGRAMU TUNA DAWA MBILI TATU

Kwanza, tenga hesabu za kurekebishia na hesabu za kuthibitishia. Aliyewahi kufundisha tarakilishi kutambua picha anajua: huwezi kumpa mwanafunzi maswali ya mtihani kisha ukasifu maksi zake. Kama una vituo 40 vya kuhesabia, funga 10 kabatini. Modeli ikikamilika, fungua kabati. Ikishindwa hapo, haijajifunza mji, imekariri majibu.

Pili, hesabu miguu kwenye mstari uleule, siku ileile. Kijana mmoja zaidi mwenye fomu kwenye kila kituo si gharama ya kutisha ukilinganisha na bei ya kilomita moja ya lami. Na swali kwenye fomu ya nyumbani libadilishwe: badala ya "ulisafiri," tuulize "ulitoka nje ya nyumba mara ngapi, na kila mara ulifika wapi?"

Tatu, chapisha jedwali la kabla na baada. Viwango vya safari kama vilivyotoka kwa wahoji, uwiano wa pande mbili kabla ya kusawazishwa, kisha kila mabadiliko na sababu yake, kama tunavyofanya tunapoweka kumbukumbu za mabadiliko ya programu. Ukurasa mmoja unatosha.

Nne, tufunguliwe data za mahojiano baada ya kuondoa majina na anwani. Sheria ya Kupata Habari tunayo tangu 2016, na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, kwa hiyo haki ya kujua na haki ya faragha zote zina msingi. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Columbia na MIT, ulitoa bure data za njia zaidi ya 130 za matatu zilizokusanywa kwa simu za mkononi. Hiyo ilikuwa picha ya magari yanapopita. Picha ya watu wanapotaka kwenda bado imo ndani ya makabati ya washauri.

NaMATA, mamlaka iliyoundwa 2017 kusimamia uchukuzi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ndiyo yenye eneo linalofaa: mtu wa Kitengela akihesabiwa nyumbani kwake, hatalazimika kugeuzwa kuwa kizidishi cha mtu wa Embakasi. Ningependa kuona modeli yake ikiwa wazi kama sheria za kaunti zilivyo wazi.

Hadi siku hiyo, ukialikwa kwenye kikao cha umma kuhusu barabara itakayopita kwenu, vumilia michoro yote, kisha inua mkono uulize swali moja: "Mlizidisha safari zetu kwa ngapi, na kwa nini?"